Pikipiki inachemsha baada ya kuchongwa: tafuta chanzo kabla hujanunua kipozeo cha oili

Kijana mmoja wa bodaboda alinisukumia pikipiki yake hadi gereji, jasho linamtoka, na mkononi ana boksi jipya. Ndani ya boksi mlikuwa na kipozeo cha oili na mipira yake miwili. Hakuja kuuliza tatizo ni nini. Alitaka nimfungie tu. Injini ni ile ya muundo wa CG125, yenye fito za kusukuma valvu, ambayo Honda waliileta mwaka 1976 na Wachina wakainakili mpaka leo ndiyo nusu ya vijiwe vyetu. Alikuwa ameivalisha bloki ya 62 (silinda yenye kipenyo cha milimita 62 badala ya 56.5), ameondoa boksi la filta na kuweka filta ya koni, ekzosi ameikata katikati, na mbele ameweka bati la kuzuia matope lililoshuka karibu na lami. Kutoka Mbezi hadi Kibaha ilimzimikia mara mbili.

Nilimwambia aliweke boksi chini, tuanze na vitu visivyo na gharama. Mpangilio tuliofuata ndio huu, na ndio ninaofuata kwa kila pikipiki inayopozwa na upepo iliyoanza kuchemsha baada ya kuguswa.

Kwanza, je, inachemsha kweli?

Injini ya upepo huwa ya moto. Huwezi kuishika, na hilo si ugonjwa. Tena bloki iliyochongwa juzi, ringi bado hazijalala, hutoa joto zaidi kwa kilomita mia chache za mwanzo. Dalili za kweli ni hizi: nguvu inapungua kadiri unavyoendelea, ikipoa inarudi, ukivuta resi kwenye mlima unasikia mlio kama changarawe ndani ya kopo, ukizima swichi injini bado inajikokota sekunde moja mbili, ikiwa ya moto haikai sailensi au haiwaki mpaka ipumzike, bomba la ekzosi linawiva wekundu usiku, oili inatoka nyepesi na ina harufu ya kuungua.

Ukiwa na kipimajoto cha mwanga, kile cha kuelekeza kama bastola, pima kwenye hedi karibu na plagi. Alumini inayong'aa hukidanganya kipimo, kinasoma chini ya ukweli, kwa hiyo paka doa dogo la rangi nyeusi isiyong'aa inayostahimili joto, upime hapo kila siku. Nyuzi 150 hadi 180 za Selsiasi baada ya kazi nzito hazinitishi. Ikipita 200 nasimama. Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni pikipiki ya mwenzako ambayo haijaguswa: mwende njia moja, mzigo uleule, kisha pima zote mbili mkifika. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo itakayokwambia ukweli.

Na jambo moja la onyo: ikichemsha, usiimwagie maji. Wala usiipeleke moja kwa moja sehemu ya kuoshea. Hedi ya alumini inapinda, mapezi yake ya kupozea yanapasuka. Iache ipoe kivulini nusu saa.

Andika ulichobadilisha, kwa kufuata tarehe

Chukua karatasi. Andika kila kitu kilichoguswa, hata kile unachoona ni cha urembo, na tarehe yake. Kisha jiulize joto lilianza lini. Mara nyingi mtu anakwambia "ilianza baada ya bloki", ukimhoji vizuri unagundua bloki ilikaa wiki tatu salama, tatizo likaja siku alipoondoa boksi la filta. Kuanzia hapo kanuni ni moja: rudisha au rekebisha kitu kimoja, jaribu njia ileile, andika. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na ikapona, hujui kilichoiponya, na siku ikirudi unaanza upya.

Upepo wa nje

Hii ni kazi ya dakika kumi. Chuchumaa mbele ya pikipiki ulitazame tairi la mbele: je, unayaona mapezi ya silinda? Kama unaona plastiki, bati la matope, kibao cha tangazo au dumu lililofungwa kwenye gadi ya miguu, basi upepo nao hauoni. Vitoe. Ondoa matope yaliyokauka katikati ya mapezi kwa kijiti na brashi, hasa nyuma ya silinda ambako huwa hatuangalii. Kama mtu aliyapaka rangi ya ukuta au ya geti, tabaka nene, ikwangue.

Bati la yule kijana lilitoka hapohapo. Joto lilishuka kidogo, tatizo likabaki.

Vinavyoifanyisha injini kazi ya bure

Nyanyua tairi la nyuma, weka gia huru, zungusha kwa mkono. Lizunguke bila kukwaruza. Baada ya safari fupi gusa ngoma za breki. Ikichoma, breki inashika. Cheni iliyokazwa kupita kiasi hula nguvu vilevile. Klachi inayoteleza, ambapo injini inapanda lakini mwendo haupandi, inapasha oili kama jiko.

Kuna na sproketi. Wengi wakishaongeza bloki hufunga sproketi kubwa ya mbele ili pikipiki "ikimbie". Kwenye lami tambarare ukiwa peke yako ni sawa. Ukipakia mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) na kupanda kilima kwa gia ya nne, injini inasukuma kwa nguvu zote huku inazunguka polepole na upepo ni mdogo. Punguza gia mapema, au rudisha sproketi yake.

Oili

Kwenye injini hizi oili nayo inasaidia kupoza, si upepo peke yake. Pima kiwango injini ikiwa imesimama wima. Kijiti cha CG kinachovywa bila kukazwa nyuzi zake. Ikipungua ni hatari, na ikizidi pia ni hatari, kwa sababu kranki inaipiga na kuipasha. Tumia oili ya pikipiki ya mipigo minne, 20W50 kwa joto la pwani, yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Oili nyingi za magari zimewekewa viungo vya utelezi ambavyo vinaifanya klachi yenye kukaa ndani ya oili iteleze, na tumeshaona klachi inayoteleza inaleta nini.

Halafu hakikisha oili inafika juu. Fungua kifuniko cha tapeti, washa injini ikae sailensi, tazama: ndani ya dakika moja hivi roka, yaani mikono inayosukuma valvu, zinapaswa kulowa. Zikibaki kavu, zima mara moja. Kwenye injini iliyofunguliwa karibuni nashuku vitu viwili kabla ya pampu. Kimoja ni gasketi ya chini ya bloki ambayo tundu lake la oili halikulingana na tundu la kesi. Kingine ni silikoni. Mafundi wengine wanaipaka kama siagi kwenye mkate. Inayozidi inakamuliwa ndani, inakatika, inaenda kuziba njia ya oili. Pia CG haina filta ya karatasi. Ina chujio la wavu chini na sahani inayozunguka mwishoni mwa kranki, upande wa klachi, inayokusanya uchafu. Kama injini imechongwa na sahani ile haikufunguliwa kusafishwa, vumbi la chuma la kazi iliyopita bado limo.

Mchanganyiko wa hewa na mafuta

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopatikana, kwa hiyo usiharakishe.

Petroli haichomi tu, inapoza pia. Kemia inataka uzito wa hewa kama 14.7 kwa petroli 1 ili kila kitu kiungue, ila injini ya upepo ikiwa inavuta mzigo inahitaji petroli zaidi ya hapo, kwenye 12 na nusu au 13 kwa 1. Sasa wewe umetoa boksi la filta, hewa inaingia kwa wingi. Umekata ekzosi, moshi unatoka kwa wingi. Jeti, yaani kitundu cha kupimia petroli kwenye kabureta, ni ileile iliyopangiwa pumzi ndogo. Mchanganyiko umekuwa mkavu, na injini iliyo kavu huwa nyepesi mkononi, kali kwenye resi, mpaka mwenye nayo anafurahi akidhani imepata nguvu. Kumbe inajichoma.

Jaribio la kwanza halihitaji spana. Endesha mpaka ifike ile hali ya kuishiwa nguvu, kisha, ukiwa kwenye mwendo na barabara ni wazi, vuta choki kidogo. Injini ikipata nguvu, mchanganyiko ni mkavu. Ikilegea zaidi na kumisi, tatizo liko kwingine.

Jaribio la pili ni plagi. Weka plagi safi, tafuta kipande cha barabara kisicho na magari, nenda na resi yote gia ya tatu kwa karibu kilomita moja, kisha kwa pamoja zima swichi na ushike klachi. Usiiache ijikokote sailensi maana itafuta ushahidi. Ikipoa kiasi cha kushikika na spana, toa plagi uangalie kaure nyeupe ya ndani, chini kabisa kwenye mzizi. Rangi ya biskuti ni nzuri. Nyeupe kama chaki ni kavu. Ukiona malengelenge au vipunje vidogo vinavyong'aa, hivyo ni alumini ya pistoni yako. Pikipiki hiyo isiendeshwe tena mpaka ifunguliwe.

Kabla ya kugusa jeti tafuta hewa ya wizi. Kati ya kabureta na hedi pana kipande cheusi kigumu cha kuzuia joto, chenye mipira ya duara. Fundi akikikaza upande mmoja kinapasuka ufa mwembamba usioonekana. Nyunyizia maji ya sabuni kidogo kuzunguka maungio injini ikiwa sailensi. Mlio ukibadilika, umepata. Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hiyo, wengine kwa kupuliza na mdomo. Karibu na ekzosi ya moto hilo ni kutafuta msiba. Dalili nyingine ya hewa ya wizi: ukiachia resi injini inachelewa kushuka.

Sasa jeti. Kumbuka mgawanyo wa kazi: resi ndogo hadi robo ni jeti ndogo, robo hadi robo tatu ni sindano, kutoka hapo mpaka mwisho ni jeti kubwa. Kama joto linakuja kwenye safari ya mwendo wa kati, usibadilishe jeti kubwa ukitegemea muujiza. Shusha klipu ya sindano tundu moja, sindano ipande. Kama ni resi yote, ongeza jeti kubwa kwa namba mbili au tano tu kila mara, jaribu, tazama plagi. Usiipanue jeti kwa waya wala sindano ya kushonea. Tundu linakuwa la pembe na hutajua tena una namba gani.

Ushauri wangu, na wengi hawaupendi, ni kurudisha boksi la filta la asili. Zile koni za wazi zinavuta hewa ya moto kutoka palepale kwenye silinda, vumbi linapita, na kila upepo wa pembeni unabadilisha mchanganyiko. Nguvu unayoipata ni kelele zaidi kuliko mwendo.

Jambo la mwisho kwenye kabureta ni mahali ilipopangwa. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko hewa ina uzito pungufu kwa kama asilimia 15. Fundi wa huko akipunguza jeti ili pikipiki isitoe moshi mweusi, kafanya sawa. Ukiishusha pikipiki hiyohiyo Dar es Salaam, inakutana na hewa nzito na jeti ndogo. Hakuna kilichoharibika, ila inachemsha.

Tapeti, plagi na muda wa cheche

Tapeti, yaani mwanya kati ya roka na valvu, zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi. Zungusha magneto mpaka alama ya T ilingane na roka zote mbili ziwe na uhuru. CG ya Honda inataka 0.08 mm pande zote. Injini nyingine zina vipimo vyake, fuata kitabu chake. Tumia vibati vya kupimia. Fundi anayepima kwa kutikisa kidole ana kipaji, sawa, lakini valvu ya ekzosi iliyobanwa haikai kwenye kiti chake, na kiti ndicho njia yake ya kutolea joto.

Plagi: NGK ya kawaida kwa injini hizi ni D8EA. Kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume chake, na hapo watu wengi hukosea. Injini iliyoongezwa inaweza kutaka D9EA. Ila plagi ya baridi haipunguzi joto la injini. Inazuia tu ncha yake isigeuke kaa la moto linalowasha mafuta kabla ya wakati.

Kama uliweka CDI (kisanduku cha umeme kinachopanga muda wa cheche) ya "resi", rudisha ya zamani kwa siku moja. Cheche inayowahi sana inaleta ule mlio wa changarawe na kuchoma kichwa cha pistoni. Inayochelewa inachoma bomba la ekzosi na kuiva wekundu. Mlio ukikaa palepale, badilisha mahali unaponunua mafuta kabla hujalaumu chochote kingine. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inagonga hata kwenye injini mpya. EWURA, wadhibiti wa nishati nchini, hawakuanza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta) kwenye mafuta kwa kujifurahisha.

Bloki yenyewe

Ukifika hapa na bado inachemsha, ndipo ufungue.

Fanya hesabu kwanza. Silinda ya 56.5 mm yenye mwendo wa pistoni wa 49.5 mm inatoa sentimita za ujazo 124. Ukiweka 62, zinakuwa 149. Umeongeza asilimia 20 ya kinachoungua, wakati mapezi ya hedi ni yaleyale. Hilo peke yake linavumilika. Lisilovumilika ni mgandamizo. Kama injini ilikuwa 9 kwa 1, nafasi ya juu ya pistoni ilikuwa kama cc 15.5. Ukibakiza hedi ileile na pistoni ya kichwa cha namna ileile, sasa cc 149 zinabanwa kwenye nafasi hiyohiyo, na uwiano unapanda hadi karibu 10.6. Kwa petroli ya kawaida na jua la pwani, hiyo inagonga.

Dawa nzuri ni hedi iliyotengenezwa kwa ajili ya 150. Dawa ya gereji ni kuinua bloki: kibati cha nusu milimita chini yake kinashusha uwiano hadi kama 9.8. Usisahau tundu la oili kwenye kibati hicho, na tapeti upange upya maana fito sasa ni fupi kwa nusu milimita.

Pili, tazama slivu, yaani bomba la chuma lililo ndani ya bloki ambamo pistoni inateleza. Ili bloki ya 62 iingie kwenye kesi ya 125, ama mdomo wa kesi uchongwe, ama slivu ipunguzwe unene kwa nje. Slivu iliyokondeshwa inageuka yai ikipata joto, ringi zinaachana na ukuta, na ringi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya joto la pistoni kulipeleka kwenye mapezi. Ukiona pistoni ina mikwaruzo pande mbili zinazotazamana na kwingine ni safi, fikiria hilo.

Tatu, nafasi. Pistoni ndogo ya upepo inataka nafasi ya takribani milimita 0.03 hadi 0.05 kati yake na ukuta wa silinda, kulingana na mtengenezaji. Mchongaji anayekuuliza tu "ni ya hamsini au ya mia?" (yaani pistoni iliyozidi kwa 0.50 au 1.00 mm) bila kuomba pistoni yenyewe aipime anabahatisha. Mpelekee pistoni. Kisha ingiza kila ringi peke yake ndani ya silinda, isawazishe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, pima mwanya wa ncha zake: 0.15 hadi 0.35 mm ni salama kwa nyingi. Ncha zikigusana zikipata moto, ringi haina pa kwenda ila ukutani.

Ukishafunga, kilomita 500 za kwanza usiibane kwenye mwendo mmoja. Panda shuka, usipakie mishikaki, iache ipoe kabisa mara kadhaa. Oili ya kwanza imwage mapema, ikifika 300 hivi.

Pikipiki ya yule kijana ilikuwa na makosa matatu, kila moja dogo. Kipande cheusi cha kabureta kilikuwa na ufa. Jeti kubwa ilikuwa 98 ya siku ya kwanza. Tulirudisha boksi la filta na tukaishia 105. Mlio wa changarawe haukuisha mpaka tulipoweka kibati cha nusu milimita chini ya bloki. Siku ya nne alienda Chalinze na kurudi akiwa na abiria, na kwenye lile doa jeusi nilisoma nyuzi 168. Kipozeo chake cha oili bado kiko juu ya kabati langu ndani ya boksi. Anasema akipata mteja atanipa kamisheni.